Usajili wa Biashara kwa Mtandao: Tulinde Taarifa za Vikundi Vyetu

Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotokea katika mmojawapo wa sharika zetu mwaka 2024, ili liwe fundisho kwa vikundi vingine.

Kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni kilitaka kusajili jina la biashara. Tangu mwaka 2018, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) hupokea maombi ya aina hiyo kwa njia ya mtandao. Akina mama hawakuwa na kompyuta wala barua pepe. Walikwenda kwenye duka la steshenari mjini, wakampa kijana wa duka nakala za vitambulisho vyao, naye akawajazia fomu. Kwenye akaunti aliandika barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu. Cheti kilitoka, wakakitundika ukutani, nasi tukafurahi pamoja nao.

Miezi michache baadaye mwenyekiti alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa usajili. Alitaja jina la biashara, tarehe ya cheti na namba ya kitambulisho cha mwenyekiti bila kukosea. Alidai kwamba ada imecheleweshwa na jina litafutwa jioni ileile, kisha akatoa namba ya simu ya kutumia fedha. Mtunza hazina alituma shilingi 150,000 zilizokuwa za kununulia malighafi. Kumbe hapakuwa na deni lolote. Walipotaka kuhakiki kwenye akaunti yao hawakuweza kuingia, maana neno la siri alikuwa nalo yule kijana, naye alikwisha kuhama mji.

Hatujui ni nani aliyetoa taarifa zile, wala hatumtuhumu mtu. Tunalojua ni kwamba ofisi yetu ya miradi iliwahimiza akina mama wajisajili, lakini haikuwaeleza namna ya kutunza walichokisajili. Kosa hilo ni letu, na ndiyo sababu ya makala hii.

Kwa nini tapeli huaminika?

Huaminika kwa sababu anazo habari zetu. Jina la biashara liko kwenye kibao na kwenye risiti. Picha ya cheti tumeisambaza wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp. Nakala za vitambulisho tumeziacha kila mahali. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo mwanakikundi anayetumia mwaka wake wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya simu, amekwisha kuigawa kwa kila mwenye nakala ya kitambulisho chake. Mtu kuzijua habari zako si uthibitisho kwamba ametumwa na Serikali.

Mambo ya kuzingatia

1. Akaunti iwe na barua pepe na namba ya simu ya kikundi. Msaidizi anaweza kujaza fomu, lakini neno la siri aliandike mwanakikundi mwenyewe. Kazi ikiisha, hakikisheni akaunti imefungwa kwenye kompyuta ile, na nakala zilizobaki humo zimefutwa.

2. Someni anwani ya tovuti kabla ya kuandika chochote. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, kwa mfano brela.go.tz au tra.go.tz. Jina la wakala likionekana katika anwani yenye mwisho mwingine, acheni na muulize kwanza.

3. Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba. Hailingani na namba ya simu ya mtu, wala na "lipa namba" ya duka. Kabla ya kuweka namba ya siri, someni jina la taasisi inayolipwa. Likiwa jina la mtu binafsi, simamisheni malipo.

4. Fahamuni kinachotolewa bure. Namba ya Mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato hailipiwi. Anayedai ada ya TIN anadai fedha yake, si ya Serikali.

5. Msimtajie mtu yeyote neno la siri, wala namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu, hata akisema yeye ni afisa.

6. Kila nakala ya kitambulisho iandikwe juu yake kazi yake na tarehe, kwa mfano "Kwa usajili wa jina la biashara tu." Pia bonyezeni *106# ili kuona laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Mkikwisha kutuma fedha, msione aibu wala msisubiri kikao. Pigeni simu mara moja kwa kampuni ya simu kuomba muamala uzuiwe, toeni taarifa polisi, na pelekeni ujumbe wa tapeli kwenye namba 15040. Ujumbe wenyewe msiufute, kwani ni ushahidi.

Wajibu wa kamati za sharika

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatugusa na sisi tunaokusanya nakala za vitambulisho vya washirika. Zifungiwe kabatini, na zisizohitajika tena ziharibiwe. Tunaziomba kamati pia zikubaliane na vikundi kwamba malipo yoyote ya haraka yathibitishwe na watu wawili, na kwamba mmoja wao aende au apige simu kwa taasisi husika kwa namba iliyo kwenye tovuti yake. Haraka ndiyo silaha kubwa ya tapeli. Deni la kweli litakuwapo hata kesho asubuhi.

Kwa wafadhili wetu, tumeona ni haki mjue hasara hii kama mnavyojua mafanikio. Akina mama wale walifuatilia kwa safari mbili za mjini na majuma kadhaa ya kusubiri, hadi akaunti ikarudi mikononi mwao. Fedha haikurudi. Sabuni wanaendelea kutengeneza, na sasa neno la siri liko ndani ya bahasha iliyofungwa, katika sanduku la kikundi lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu.