Mbwa wa bure ana bei yake

Na Mwandishi Maalumu

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Songwe kwenda Lilongwe huijua Kanengo kwa mambo mawili: mnada wa tumbaku na maghala makubwa ya mahindi ya akiba ya taifa la Malawi. Ni eneo la viwanda lililo kaskazini mwa jiji, kando ya barabara kuu ya M1, na mzigo unaotoka Karonga na Mzuzu hupita hapo kabla ya kufika sokoni.

Penye mahindi hapakosi panya, na penye mali hapakosi mwizi. Ndiyo maana paka na mbwa hawaishi kuonekana katika eneo hilo, na vilevile Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilayani Dowa, umbali wa kilomita 45 hivi kutoka jijini.

Walio wengi hawanunui wanyama hao. Mbwa wa jirani akizaa, watoto hugawiwa, na anayepewa hurudi nyumbani akijisifu kwamba amepata mlinzi wa bure. Makala haya yanauliza swali moja tu: hiyo bure ni kwacha ngapi?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa sisi tuliorejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizini, na kwa ndugu zetu wanaoishi kwa kuvuka mipaka. Sisi ni watu wa safari. Godoro hukunjwa, sufuria hufungwa kwenye gunia, lakini mnyama hakunjwi wala hafungwi kwenye gunia.

Tuanze na chungu cha jikoni. Mbwa wa kawaida wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 15 anahitaji kati ya kalori 700 na 1,000 kwa siku. Mashirika ya misaada yanapopanga mgawo kamili wa chakula cha mtu mmoja, hutumia kiwango cha kalori 2,100 kwa siku. Kwa hiyo, mbwa mmoja anakula theluthi hadi karibu nusu ya mgawo wa mtu.

Tugeuze hesabu hiyo iwe unga, kwa kuwa ndio tunaoupima. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kalori 3,500 hivi. Mbwa huyo angelishwa ugali mtupu, au nsima kama wanavyouita Wamalawi, angehitaji robo kilo ya unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo saba na nusu, na kwa mwaka ni kilo 90, yaani pungufu kidogo ya magunia mawili ya kilo 50. Msomaji azidishe mwenyewe kwa bei ya sokoni kwake.

Ikumbukwe kuwa bei hiyo haijatulia. Serikali ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, na Novemba 2023 ikaishusha tena kwa asilimia 44. Kila mfanyabiashara aliyekuwa na kwacha mfukoni siku hizo anajua kilichompata.

Aidha, ugali mtupu haumtoshi mbwa. Anahitaji mifupa, vichwa vya usipa, mabaki ya nyama. Wengi humpa madeya, yaani pumba za mahindi, ambazo humjaza tumbo bila kumpa nguvu. Mbwa wa namna hiyo huenda kutafuta riziki jalalani na kwenye soko la nyama, na huko ndiko anakokutana na mbwa wengine, wazima na wagonjwa.

Hali ya Dzaleka inafanya hesabu hii iwe ngumu zaidi. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza, ikapangwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Hivi sasa ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na mwaka 2023 Serikali iliwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi kambini.

Baba anayemnyima mbwa ili watoto wapate kushiba hawezi kulaumiwa, kwani amefanya hesabu yake. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ilipaswa kufanywa siku ile alipoletewa kitoto cha mbwa mlangoni.

Paka ana nafuu. Mwenye kilo tatu au nne anahitaji kalori 200 hadi 250 kwa siku, na sehemu ya chakula hicho hujitafutia mwenyewe. Panya hali unga tu, bali huuchafua kwa mkojo na kinyesi, hata gunia zima likawa halifai. Paka mmoja anayelala stoo anaweza kurudisha gharama zake kwa unga anaouokoa. Kwa ndugu zetu Waislamu pia, paka hana mgogoro na udhu kama alionao mbwa.

Lakini mwenye paka asiweke sumu ya panya. Panya aliyekula sumu huwa mlegevu na rahisi kukamatwa, na paka akimla anaweza kufa naye. Achague kimoja, paka au sumu.

Kisha kuna uzazi. Mbwa jike hubeba mimba kwa miezi miwili hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Paka naye hubeba kwa muda kama huo, na anaweza kushika mimba akiwa bado na umri wa miezi sita au pungufu. Asiyemhasi mnyama wake ajue kwamba baada ya mwaka hatakuwa na mnyama mmoja. Jijini Lilongwe lipo shirika la kutunza wanyama la LSPCA ambalo linafanya kazi ya kuhasi na kuchanja mbwa na paka, na ni vyema kuuliza huko kabla ya kukata tamaa.

Gharama zote hizo ni ndogo zikilinganishwa na ile inayokuja kwa asiyechanja. Wamalawi wanauita ugonjwa huo chiwewe, nasi tunauita kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, asilimia 95 kati yao wakiwa Afrika na Asia. Karibu wagonjwa wote huupata kwa kuumwa na mbwa, ingawa paka pia anaweza kuubeba. Dalili zikishaanza, mgonjwa hufa karibu kila mara.

Kati ya kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa mwalimu kama mimi, tarakimu hiyo ina sura, kwani hao ndio tunaowaona wakija shule kwa miguu alfajiri, wakipita kwenye majalala. Mtoto akiparuzwa au kuumwa kidogo mguuni hunyamaza, kwa kuogopa kuchapwa kwa kosa la kumchokoza mbwa wa watu. Ugonjwa unaweza kukaa mwilini miezi miwili au mitatu, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na siku unapojitokeza hakuna anayekumbuka mbwa yule.

Kwa hiyo la kwanza ni kumwambia mtoto kwamba hatachapwa. La pili ni kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Sabuni ya kufulia inatosha. Majivu, mafuta na majani ya kusaga havifai. La tatu ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Huko ndiko bei ya mbwa wa bure inakojulikana. Sindano huanza siku ya kufika, na kwa utaratibu wa kuchoma kwenye msuli hurudiwa baada ya siku 3, 7 na 14. Mwenye jeraha la kutoa damu huhitaji pia dawa ya kinga ya haraka, ambayo ni ghali na adimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tiba hiyo hugharimu wastani wa dola 108 kwa mtu mmoja, bado nauli na siku za kazi zilizopotea. Kwa kiwango rasmi cha kwacha 1,700 kwa dola kilichowekwa Novemba 2023, hizo ni zaidi ya kwacha 183,000.

Hata pale hospitali ya Serikali inapotoa sindano bila malipo, mama anayetoka Dzaleka na mtoto mgongoni hulipa nauli kila safari, na genge lake la nyanya hubaki limefungwa. Chanjo ikiwa imekwisha, huambiwa akainunue dukani.

Kumchanja mbwa, kwa upande mwingine, ni sindano moja anapofikisha miezi mitatu, kisha ya marudio kila mwaka. Penye kampeni hutolewa bure. Mjini Blantyre, ambako hospitali ya Queen Elizabeth ilikuwa ikipokea watoto wengi wenye chiwewe, shirika la Mission Rabies lilishirikiana na Serikali mwaka 2015 kuchanja mbwa zaidi ya 35,000 kwa siku 20. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Baada ya kampeni hizo, idadi ya watoto waliofikishwa hospitalini hapo na ugonjwa huo ilipungua.

Sasa tuje kwa mwenye safari. Wapo wanaopakia mbwa nyuma ya lori hadi ng'ambo bila karatasi yoyote, wakidhani wanahamisha mlinzi tu. Kisiwa cha Pemba kinatoa funzo. Kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 zilikisafisha kisiwa hicho, lakini mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa upya kutoka ng'ambo, na ikabidi kazi ianze tena hadi ulipotokomezwa mara ya pili. Bahari yenyewe haikuuzuia, sembuse daraja la mto Songwe.

Anayetaka kuvuka na mbwa au paka kihalali ajiandae mapema: chanjo ya kichaa cha mbwa yenye cheti, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa Serikali, na kibali cha kuingiza mnyama kutoka nchi anakokwenda. Chanjo isiachwe hadi siku ya safari, kwa kuwa nchi nyingi hutaka iwe imekaa walau siku 30. Aulize idara ya mifugo kabla ya kukata tiketi, si akiwa amesimama kwenye geti la Kasumulu.

Asiyeweza kumchukua asimwache barabarani. Mbwa aliyeachwa na mwenyewe haondoki mtaani. Hubaki akizunguka nyumba ileile, akila jalalani, na mwakani hana chanjo. Amkabidhi kwa jirani anayemkubali kwa hiari, amwachie na kadi ya chanjo, na amwambie tarehe ya marudio. Hilo halina gharama yoyote.

Wahusika nao wana sehemu yao. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ingefaa idara za mifugo za pande zote mbili zifanye siku hiyo kuwa ya chanjo katika vituo vya mpakani, na viongozi wa Dzaleka waombe timu ifike kambini, maana penye watu 50,000 waliobanana, mbwa mmoja mgonjwa hufikia wengi. Walimu watangaze mistarini juma zima kabla yake, kwani mara nyingi mtoto ndiye anayeweza kumshika mbwa wa nyumbani na kumleta.

Na wewe unayeletewa kitoto cha mbwa mlangoni leo, kabla hujanyoosha mkono jiulize maswali matatu. Je, una robo kilo ya unga ya ziada kila siku? Utampeleka wapi kuchanjwa akifikisha miezi mitatu? Na siku utakapoondoka, utamwachia nani? Ukikosa jibu la mojawapo, mshukuru jirani yako na umrudishie.