Sare na Sahani ya Ugali

Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, mji wa Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda nchini Zambia, hufurika wageni wa sherehe ya Mutomboko. Migahawa hulemewa. Ugali wa muhogo na samaki wa Ziwa Mweru ni vile vile kwa wote, lakini huduma yaweza kutofautiana meza kwa meza.

Lawama humwangukia mhudumu. Hata hivyo, ndugu askari na polisi, yafaa tuitazame pia sare. Mhudumu aionapo akaruka zamu ya mvuvi aliyetangulia, hiyo ni hofu, si heshima. Askari yuleyule akirudi kesho amevaa kiraia, atangojeshwa kama mvuvi.

Aidha, samaki ana gharama. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, na kitoweo huadimika. Mlo asioulipia mwenye sare hufidiwa na wateja wengine, kwa kupunguziwa vipande.

Basi, askari aingiapo mgahawani na angoje zamu yake, ale, alipe. Hapo atakuwa na haki ya kumdai mhudumu usawa.