Uwanja Uliofagiliwa Humponza Majimoto

Mtoto wa kwetu Ilembo aliyewahi kuparamia mwembe mvua zilipoanza anamjua majimoto kabla hajaambiwa jina lake. Anashika tawi lenye majani yaliyoshonwa pamoja kama kifuko, na papo hapo wanamshukia shingoni: wanauma, kisha wanamwaga tindikali pale walipouma. Anashuka mbio huku analia. Jioni baba mtu anachukua kijinga cha moto, anachoma vifuko vyote, na nyumba inalala kwa amani.

Ninaandika kumwomba baba huyo asubiri kidogo.

Majimoto ni sisimizi wa Afrika, wa miti yetu wenyewe. Sisimizi mzima hana uzi. Wenzake wakishavuta kingo mbili za jani zikakutana, yeye humbeba buu wa kiota chake kwa taya, akamgusisha upande huu na upande ule, na buu hutoa hariri inayounganisha majani. Koloni moja lina malkia mmoja na linaweza kushika miti kadhaa kwa wakati mmoja. Mchana kutwa hukagua majani, maua na matunda, na mdudu wanayemkuta wanamkamata. Ndiyo maana mwembe wao huwa na inzi wachache wa matunda. Utafiti wa Benin ulioandikwa mwaka 2007 ulionyesha hivyo, na baadaye ikabainika kuwa hata harufu wanayoiacha juu ya embe humfanya inzi asite kutaga. Habari hiyo inatuhusu, kwa sababu inzi mharibifu kuliko wote wa embe zetu ni mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003.

Lakini mlinzi huyu naye ana adui, na kisa chao kilichunguzwa kwa makini kule Unguja miaka ya 1950. Minazi ilikuwa ikipukutisha nazi changa, na mtaalamu wa wadudu M. J. Way akaona chanzo ni mdudu mfyonzaji ambaye baadaye alipewa jina la kisayansi lililotokana na la Way mwenyewe. Mnazi wenye majimoto ulisalimika. Swali likabaki: kwa nini minazi mingine haikuwa nao? Jibu lilikuwa chini, udongoni. Huko aliishi sisimizi mwingine, mdogo, wa rangi ya hudhurungi, ambaye askari wake wana kichwa kikubwa kuliko mwili unavyostahili. Wataalamu humwita Pheidole megacephala; mimi nitamwita kichwa-kikubwa. Jina la kitaalamu alipewa mwaka 1793 kutokana na vielelezo vya Mauritius, na leo ameenea karibu nchi zote za joto akisafiri ndani ya udongo wa miche na mizigo.

Mmoja kwa mmoja, majimoto ni mkubwa na ana nguvu zaidi. Tatizo ni wingi. Kichwa-kikubwa ana malkia wengi, na viota vyake havipigani vyenyewe kwa vyenyewe, hivyo eneo zima huwa kama jeshi moja. Majimoto anapotembea ardhini kutoka mti mmoja kwenda mwingine anavamiwa na wadogo ishirini, kila mmoja anashika mguu, anavutwa mpaka anachanika. Mti mmoja ukitenganishwa hivyo na mwingine, vibarua, yaani sisimizi wafanyakazi, hawawezi kupeleka chakula wala mayai kutoka kwa malkia. Baada ya muda vifuko vinakauka juu, vitupu.

Anayedhani haya ni mambo ya wadudu tu aangalie Laikipia, Kenya. Huko migunga yenye vinundu ililindwa na sisimizi wenyeji wanaoishi ndani ya vinundu hivyo; tembo akitia mkonga, wanamuuma. Kichwa-kikubwa alifika, anasonga kwa wastani wa mita 50 kwa mwaka, na anawaua walinzi wote. Tembo wakaanza kuvunja migunga mara tano hadi saba zaidi ya ilivyokuwa. Uwanda ukawa wazi, simba wakakosa pa kujificha wakivizia pundamilia. Katika hifadhi ya Ol Pejeta pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003. Kufikia 2020 walishuka hadi asilimia 42, na simba wakageukia nyati. Sisimizi wa milimita chache alibadilisha chakula cha simba.

Sasa turudi chini ya mwembe, maana hapa ndipo penye jambo ninalotaka lishike. Mwaka 2011 Z. S. K. Seguni wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Mikocheni, pamoja na Way yuleyule wa Unguja na Paul Van Mele, waliandika juu ya michungwa ya Tanzania. Walitazama kilicho chini ya miti. Palipopaliliwa hadi udongo ukabaki mtupu, kichwa-kikubwa alipanda mitini na kumfukuza majimoto. Palipoachwa majani na magugu mafupi, majimoto alirudi kushika miti. Kichwa-kikubwa anapopata riziki yake chini, hana haja kubwa ya kupanda juu.

Nilipousoma utafiti ule nilifikiria viwanja vyetu, vinavyofagiliwa kila asubuhi hadi mchanga unaonyesha michirizi ya fagio. Ni heshima ya nyumba, nami nimelelewa hivyo. Pia tunaogopa nyoka, na hofu hiyo ni ya haki. Basi fagia mlangoni na njiani. Chini ya miembe ya nyuma na shambani, fyeka majani yabaki mafupi, usiyang'oe wala kuyapiga dawa ya magugu.

Miti iliyo karibu iunganishe kwa kamba au ufito, majimoto wapite juu bila kugusa ardhi. Wakulima wa machungwa wa kusini mwa China walikuwa wakitumia viota vya sisimizi wa jamii hii tangu karibu mwaka 304, na baadaye wakawawekea madaraja ya mianzi. Ukihamisha viota, hakikisha unahamisha na kile cha malkia, ambacho kwa kawaida kiko juu sana. Bila yeye koloni hufa taratibu. Usichanganye makoloni mawili, yatauana. Kichwa-kikubwa akiwa amezidi, dawa ya kupulizia ovyo inaua wote wawili, na majimoto ndiye wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika minazi ya Tanzania kilijaribiwa chambo cha sumu ya polepole ambacho vibarua hubeba hadi kwa malkia wao, na majimoto wakaongezeka. Hilo lifanywe na mtaalamu wa kilimo.

Wafuga nyuki wa mkoa wetu wana neno lao, nalo ni la kweli: majimoto hula nyuki pia. Mzinga utundikwe kwa waya uliopakwa grisi, mbali na mti wao. Na anayechuma embe apake majivu mikononi.

Kabla ya kupokea miche kutoka mbali, kagua udongo wake. Na leo jioni weka vipande vichache vya dagaa wa Tanganyika kwenye shina la mwembe wako, subiri nusu saa, kisha rudi na tochi. Ukiona wadogo wa hudhurungi wengi, na kati yao wachache wenye vichwa visivyolingana na miili, usichome vifuko vilivyo juu. Majimoto walio ndani yake ndio wanaohitaji msaada wako.