Elimu ya Msitu: Ujuzi wa Kujitegemea Katika Nyandarua, 1952–1956

Utangulizi

Endarasha, katika Kieni Magharibi, Kaunti ya Nyeri, iko baina ya misitu miwili mikubwa. Upande wa mashariki, ng'ambo ya nyanda za Kieni, ni Mlima Kenya. Upande wa magharibi ni safu ya Nyandarua, ambayo wakoloni waliiita Aberdare. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, misitu hiyo iligeuka kuwa makao ya wapiganaji wa Mau Mau. Aghalabu habari zao husimuliwa kama habari za ushujaa pekee. Hata hivyo, ushujaa haushibishi wala haukingi baridi. Makala haya yanaeleza ujuzi uliowawezesha kuishi humo, na sababu ya ujuzi uo huo kutumiwa hatimaye kuwanasa.

Wajuzi wawili wa Nyeri

Mji wa Nyeri ulikuwa tayari na jina katika taaluma ya porini. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye kitabu chake cha mafunzo kilitoka mwaka 1908, alihamia huko mwaka 1938, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa mjini humo. Nyumba yake, Paxtu, baadaye ilikaliwa na Jim Corbett, msasi mashuhuri wa chui milia waliokula watu nchini India. Corbett naye alizikwa Nyeri mwaka 1955. Kwa wawili hawa, kusoma nyayo na kuvizia mnyama ulikuwa ujuzi wa hiari, uliofunzwa vijana ili kuwajenga tabia. Kwa wapiganaji waliokuwa wamejificha msituni Corbett alipokuwa bado hai, kukosa ujuzi huo kulikuwa kifo.

Chakula na mtego

Hapo mwanzo chakula kilitoka vijijini, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo na hatari ya kukifikisha msituni. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliikata njia hiyo. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu katika vijiji takriban 800 vilivyozungushiwa ua na kulindwa, na wenyeji wakashurutishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu. Ama kweli, mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo: walioteseka kwa njaa vijijini hawakuwa wapiganaji peke yao.

Walio msituni hawakuwa na budi kuwinda. Jambo hili halikuwa jepesi, kwa kuwa mila za Agikuyu kwa kawaida hazikuruhusu kula nyama ya mwitu. Uwindaji ulikuwa kazi ya Waathi, wakazi wa kale wa misitu hiyo. Hivyo, njaa iliwalazimu wapiganaji kuvunja mwiko kabla ya kutega tanzi.

Tanzi lenyewe ni chombo sahili. Waya hupindwa kitanzi kinachojikaza kinapovutwa, kikaning'inizwa juu ya njia ya mnyama, na ncha ya pili ikafungwa mtini. Ubora wake ni wa aina tatu: halitoi mlio, halitumii risasi, na hufanya kazi usiku kucha mwenyewe akiwa mbali. Kwa mtu anayesakwa, sifa hizo ni bora kuliko bunduki. Asali nayo ilithaminiwa kwa kuwa haiozi na hubebeka kwa urahisi.

Kujificha na kujivika

Moshi ndio msaliti wa kwanza wa mwanadamu msituni. Kwa hivyo kuni kavu zilipendelewa, na moto uliwashwa kwa hadhari, hasa ndege za kivita zilipokuwa zikiushambulia msitu kwa mabomu. Harufu ilikuwa msaliti wa pili: mtu aliyekaa msituni kwa muda mrefu aliweza kuinusa sabuni ya mgeni kabla ya kumwona. Unyayo ulikuwa wa tatu, na ndiyo maana wapiganaji walizifuata njia za wanyama na kuzifuta alama zao.

Baridi ya Nyandarua, ambayo kilele chake hufikia takriban mita 4,000, ilihitaji mavazi mazito. Nguo zilipochakaa, ngozi za wanyama zilishonwa kuwa makoti na kofia. Bunduki zilifuliwa kwa mabomba ya maji, vipande vya mbao na komeo za milango. Baadhi ya viongozi, kama Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, walikuwa pia na ujuzi wa vita vya msituni walioupata Burma katika Vita vya Pili vya Dunia.

Ujuzi wageuka tanzi

Mabomu hayakuumaliza ujuzi huo. Kilichouvunja, pamoja na njaa, ni watu walioujua. Wapiganaji waliotekwa walishawishiwa na kurudishwa msituni wakiwa katika vikosi bandia, wakivaa, wakinuka na kutembea kama wenzao wa jana. Wao hawakuhitaji kufunzwa kusoma unyayo. Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu huko Nyeri, akiwa amevaa koti la ngozi ya chui. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Hitimisho

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kuukataza, hata uwe wa kujitafutia kitoweo. Ua wa umeme wa takriban kilomita 400 unaoizunguka Nyandarua ulikamilishwa mwaka 2009. Makatazo hayo yana sababu njema, kwani tanzi halichagui mnyama. Hata hivyo, kutotega si sawa na kutojua. Msomaji wa tamthilia ya Mzalendo Kimathi asiyejua tofauti ya kutega na kuvizia, au ya kuwinda na kurina, huuona msitu kama pazia tu nyuma ya waigizaji. Kwa waliouishi, msitu ulikuwa ghala, ngome na shule. Maneno hayo yakififia, kumbukumbu ya shule hiyo itafifia nayo.