Niru Haizuii Tindikali

"Injinia, safari hii tupige niru mara mbili?" Swali hilo nimeulizwa tena Watamu, na mwenye nyumba ambaye mfuniko wa shimo lake la maji taka unamwaga mchanga na nondo zimetokeza. Fundi amemwambia chumvi ya bahari ndiyo inayokula zege, na dawa ni simiti nyingi.

Sivyo. Fungua mfuniko, usiingie, mulika kwa tochi. Ukuta ulio ndani ya maji bado mgumu. Ulio juu ya maji umekuwa uji mweupe unaokwanguka kwa kijiko. Kama mlaji angekuwa uchafu wenyewe, angeanzia panapoloa kutwa kucha.

Mlaji ni tindikali ya salfa, na huzaliwa humo humo. Kwenye utelezi wa chini, kusikofika hewa, bakteria hugeuza salfeti kuwa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai viza. Gesi hupanda, hunasa kwenye unyevu wa ukuta, na hapo bakteria wengine huifanya tindikali. Mtafiti C. D. Parker aliwatambua bakteria hao mwaka 1945 katika mabomba ya maji taka ya Melbourne, Australia, na hadi leo watu wanauziwa niru! Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13. Tindikali hiyo huushusha uso wake hadi 1 au 2, saruji ikawa jasi. Niru ni saruji tupu, yaani chakula kile kile. Hata saruji ya kuhimili salfeti ilitengenezwa kwa ajili ya salfeti, si tindikali.

Bahari inachangia kwa njia nyingine: maji yake yana takriban gramu 2.7 za salfeti kwa lita, basi kisima kilichoingiliwa na bahari, kikitumika chooni, huwalisha bakteria. Joto letu huwaharakisha.

Fanya hivi. Bomba la kuingizia lizame chini ya maji, ili maji taka yanayoingia yasianguke na kutimua gesi. Weka bomba la hewa lipite paa. Nyonya tope kwa wakati. Kwangua hadi zege zima, osha, kausha, ndipo upake epoksi au utumie saruji ya aluminati. Mfuniko ulioonyesha nondo, tupa. Asiingie mtu bila vifaa vya hewa na kamba: gesi hiyo huua, na ikizidi pua haiisikii tena. Anayejenga upya anunue tangi la plastiki na kulifunga chini, lisielee likiwa tupu maji ya ardhini yakipanda.