Wylam: kule treni ni mtoto wa mgodi

Bandugu watumikaji, leo tutembee kidogo ku Wylam, kijiji cha kaskazini ya Uingereza, pembeni ya mto Tyne. Tufuate njia ya zamani ya magari ya makala ya mawe.

Mwanzo farasi ndizo zilikokota ile makala mpaka Lemington, karibu kilometa 8. Reli zilikuwa miti tu. Mu 1808 wakaweka chuma. Kisha, mu 1813-1814, William Hedley na wenzake wa mgodi wakatengeneza Puffing Billy. Ilitumika mpaka 1862. Leo iko mu makumbusho ya London: ni mashini ya treni ya zamani kuliko zote zenye zimebakia.

Songa mbele, utaona nyumba ya mawe pembeni ya njia. Jamaa nne zilikaa humo. Jamaa ya Stephenson ilikuwa na chumba kimoja tu, na humo George alizaliwa mu 1781. Baba yake alitia makala mu mashini ya kuvuta maji ya mgodi. George alifika miaka 18 bila kujua kusoma. Akalipa masomo ya usiku na mshahara wake. Nyuma akawa fundi mkubwa wa reli.

Ile nyumba wameilinda mpaka leo. Ni nyumba ya mutumikaji, haiko ya patron.

Kwetu reli ilifika Elisabethville mu 1910, ipate kubeba shaba. Wazee wenye walitumika ku reli bado wako katikati yetu. Tutembee nao, watoto wetu wasikie, mbele hawajatuacha.