Bingwa wa Kubingirisha Tufe

Mkumbukeni mtoto anayesukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti. Ringi ikienda mbio husimama wima. Ikianza kuchoka huinama upande mmoja, ikakata kona, mwisho ikaanguka. Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililompatia sifa Bwana David Bryant wa Uingereza.

Bw. Bryant alizaliwa mwaka 1931 mjini Clevedon, akawa mwalimu wa shule. Mchezo wake ulikuwa kubingirisha tufe juu ya majani yaliyokatwa yakawa kama mkeka. Mbele, kiasi cha mita 30, kuna kitufe cheupe. Anayefikisha tufe lake karibu nacho kuliko mwenzake hupata alama. Labda utasema, “Hilo hata mtoto ataliweza!” Ngoja kwanza. Tufe lenyewe, lenye uzito wa karibu kilo moja na nusu, si mviringo kamili. Ubavu mmoja ni bapa kidogo. Likipungua mwendo huinama upande mmoja, likapinda kama ile ringi. Kwa hiyo ukilenga kitufe, umekwisha kosa. Yakupasa kulenga kando, mahali pasipo na kitu, na kupima nguvu ya mkono. Tena majani yenye umande hulichelewesha tufe, basi kipimo cha asubuhi si cha adhuhuri.

Bw. Bryant alichutama kwanza, akatazama, ndipo akainuka na kulitoa tufe. Kiko kilikuwa mdomoni, mara nyingi bila moto.

Mwaka 1962 alishinda dhahabu ya mmoja kwa mmoja katika Michezo ya Madola, Perth, Australia. Mwaka 1966 michezo hiyo ilifanyika Kingston, Jamaika, na mchezo wake ukaachwa nje. Fikirini, bingwa hana pa kuutetea ubingwa wake! Lakini mwaka huo huo yalifanyika Australia mashindano ya kwanza ya dunia, naye akayashinda. Dhahabu ya Madola aliitwaa tena 1970, 1974 na 1978. Ubingwa wa dunia 1980, na tena 1988, akiwa na umri wa miaka 56. Mkimbiaji wa umri huo amekwisha kuwa mtazamaji zamani! Alifariki mwaka 2020.

Sasa kazi ya kundi lenu. Jioni tafuteni ringi. Kabla mtoto hajaisukuma, kila mmoja atie alama mchangani pale anapodhani itaangukia.